Mwalimu wa Kasri la Siam: Shahidi au Msanii?

Utangulizi

Tukipewa tawasifu tuihakiki, swali la kwanza linalotutoka wanafunzi wengi wa fasihi ni hili: mambo haya ni ya kweli, au mtunzi anatuzuga? Swali lenyewe si baya. Ubaya ni kwamba tukishalijibu tunafunga kitabu. Kikiwa cha kweli tunakiita ushahidi, kikiwa cha uongo tunakitupa. Mimi naona huo ni uhakiki wa mahakamani, si uhakiki wa fasihi.

Makala haya yanachukua mfano mmoja ili kuonyesha njia nyingine. Mfano wenyewe ni Anna Leonowens, mwanamke aliyefundisha Kiingereza katika kasri la mfalme wa Siam, nchi ambayo leo inaitwa Thailand, kuanzia 1862 hadi 1867, kisha akaandika vitabu viwili juu ya kazi hiyo. Wengi wanamjua kupitia sinema bila kujua kwamba alikuwa mtu wa kweli. Na wanaojua kwamba alikuwa mtu wa kweli, wengi wao hawajui kwamba yule Anna anayesimulia katika vitabu vyake naye ni mhusika aliyebuniwa. Aliyembuni ni Anna mwenyewe.

Hoja yangu ni moja. Uongo alioueleza juu ya maisha yake, na chumvi aliyoitia katika habari za kasri, vimetoka chungu kimoja. Mtunzi huyu aliwaandikia wasomaji ambao wangemwamini mtu wa aina moja tu, basi ikambidi awe mtu huyo. Tukilielewa hilo, tutaacha kumwita shahidi na tutaacha pia kumwita mwongo tu, tutaanza kumsoma.

Mwalimu wa nyumbani alikuwa nani?

Kabla ya kufika Siam, hebu kwanza tuitazame kazi yenyewe. Katika Uingereza ya karne ya 19, msichana wa tabaka la kati aliyekosa baba au mume wa kumtunza hakuwa na kazi nyingi za kuchagua bila kupoteza heshima yake. Kubwa ilikuwa kwenda kukaa katika nyumba ya matajiri na kufundisha watoto wao kusoma, kuandika, lugha, muziki na adabu. Mshahara ulikuwa mdogo. Tena nafasi yake ndani ya nyumba ilikuwa ya utata: hakuwa mtumishi, maana alisoma na alitoka familia inayojiheshimu, wala hakuwa mwenyeji, maana alilipwa. Jikoni walimwona anajidai, sebuleni walimwona amejisogeza. Hali ya wanawake hawa ilikuwa ngumu hata ikaundwa taasisi maalum ya kuwasaidia mjini London mwaka 1843.

Hali hiyo ilizaa fasihi. Mwaka 1847 zilitoka riwaya mbili zenye mhusika mkuu mwalimu wa nyumbani: Jane Eyre ya Charlotte Brontë na Agnes Grey ya mdogo wake, Anne. Wote wawili walikuwa wamewahi kuifanya kazi hiyo. Hasa riwaya ya Charlotte iliwaachia wasomaji kielelezo ambacho hawakukisahau: mwanamke maskini mwenye msimamo, bwana mwenye nyumba aliye mkali na mwenye majivuno, jumba kubwa, na ndani ya jumba hilo chumba chenye siri ambayo mgeni hatakiwi kuijua.

Msomaji, kishike kielelezo hicho. Anna alipotoa kitabu chake cha kwanza, The English Governess at the Siamese Court, mwaka 1870, wasomaji wake walikuwa wameshakizoea kwa zaidi ya miaka 20. Badala ya bwana mwenye shamba akawekwa mfalme. Badala ya jumba la kijijini, kasri. Badala ya chumba kimoja chenye siri, mji mzima wa wanawake nyuma ya kuta. Fani ilikuwa imeshamsubiri mtunzi kabla hajashika kalamu.

Anna wawili

Sasa tumtazame mtunzi. Anna aliyejieleza mwenyewe alizaliwa Caernarfon, Wales, mwaka 1834. Baba yake alikuwa kapteni wa jeshi aliyeuawa vitani India. Mume wake alikuwa afisa wa jeshi, akafa baada ya kupigwa na jua akiwinda chui milia. Ni wasifu safi wa mwanamke wa Kiingereza mwenye asili nzuri aliyepatwa na msiba.

Anna aliyezaliwa ni mwingine. Alizaliwa Ahmednagar, India, Novemba 1831, akiitwa Anna Edwards. Baba yake, sajini aliyekuwa fundi seremala, alikufa kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake aliolewa tena na mwanajeshi wa cheo cha chini, Mwairishi. Kwa upande wa mama, babu yake alikuwa afisa wa Kiingereza katika jeshi la Bombay, na watafiti wanaona kuwa bibi yake alikuwa na asili ya Kihindi. Mwaka 1849 aliolewa Poona na Thomas Leon Owens, karani. Wakahangaika kutafuta maisha, wakaenda hadi Australia. Watoto wawili wa kwanza walikufa wachanga. Wakabaki Avis na Louis. Mwaka 1859 mume akafa kule Penang, ambako alikuwa akiendesha hoteli. Hakukuwa na chui wala uwindaji.

Mjane huyo akahamia Singapore akafungua shule ndogo. Ndiko alikojiumba upya. Jina la mume likaunganishwa likawa Leonowens, ndugu wa India wakakatwa, hata dada yake wa damu. Siri hiyo alikwenda nayo kaburini mwaka 1915, kule Montreal, Kanada. Haikuanza kufumuka hadi miaka ya 1970, pale W. S. Bristowe, mtaalamu wa buibui aliyekuwa akiandika juu ya Louis, alipotafuta kumbukumbu za kuzaliwa na kukuta hazilingani na hadithi. Baadaye vitabu vya Susan Morgan (2008) na Alfred Habegger (2014) vikakamilisha picha.

Wapo watakaosema: basi huyu ni tapeli, tumalize. Hapana, tusiende haraka hivyo. Katika makoloni ya Uingereza mtu aliyejulikana kuwa na damu mchanganyiko alifungiwa milango mingi: ajira, ndoa, shule za watoto. Avis alipelekwa kusoma Uingereza. Louis alikuwa na maisha mbele yake. Nani angempa mjane wa karani, mjukuu wa mwanamke wa Kihindi, kazi ya kufundisha adabu za Kiingereza? Uongo wake haukuwa wa kujifurahisha. Ulikuwa bei ya tikiti.

Ndani ya kasri

Mwajiri wake hakuwa mtu wa hivi hivi. Mfalme Mongkut alizaliwa mwaka 1804, akakaa utawani kama mtawa wa Kibudha kwa miaka 27 kabla ya kushika kiti mwaka 1851. Utawani alijifunza Kilatini kwa askofu Mfaransa na Kiingereza kwa wamisionari wa Kimarekani, akapenda sana elimu ya nyota. Mwaka 1855 alikubali mkataba wa biashara na Waingereza, maana aliona yaliyowapata majirani waliokataa. Kwa mfalme huyu Kiingereza hakikuwa pambo. Kilikuwa ngao ya nchi. Alitaka watoto wake wakijue kabla meli za kivita hazijafika bandarini.

Kwanza aliwatumia wake za wamisionari, lakini wakawa wanachanganya herufi na mahubiri, mpango ukafa. Ndiyo maana, alipomwajiri Anna kupitia Tan Kim Ching, wakala wake kule Singapore, alimweleza waziwazi katika barua kwamba anataka lugha, sayansi na fasihi, wala hataki watu wabadilishwe dini. Angalia jambo hili kwa makini. Mfalme ndiye aliyepanga mtaala, na mwalimu ni mfanyakazi aliyekuja kuutekeleza. Katika vitabu na sinema mambo yanageuzwa: mwalimu ndiye analeta nuru, na mfalme ndiye mwanafunzi mkaidi.

Anna alifika Bangkok Machi 1862 na Louis. Kazi ilikuwa kufundisha watoto wa mfalme, ambaye kwa jumla alipata watoto 82, pamoja na baadhi ya wake zake. Mwanafunzi mkubwa kuliko wote kwa nafasi yake alikuwa Chulalongkorn, mrithi wa kiti, aliyekuwa na umri wa miaka minane. Madarasa yalifanyika katika sehemu ya ndani ya kasri, mji kamili wa wanawake na watoto, wenye maelfu ya wakazi, masoko yake, walinzi wake wa kike na waamuzi wake wa kike. Mwanamume mzima aliyeishi na uhuru wa kuingia humo alikuwa mfalme peke yake. Kwa hiyo Anna alipata nafasi ambayo balozi na mfanyabiashara hawakuipata. Hapa hatuna budi kumpa haki yake: alipita mlango ambao wengine waliuona kwa nje tu.

Lakini alipita asubuhi, jioni akatoka. Alikataa kuishi ndani ya kasri, akavutana na mfalme mpaka akapewa nyumba nje. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anna aliviona vitanda, hakuvilalia. Na katika kitabu chake sehemu zinazoaminika zaidi ni zile za mtu wa mchana: watoto darasani, mabishano juu ya nyumba na malipo, barua za Kiingereza ambazo mfalme alitaka asaidiwe kuziandika, uchovu. Zinapokuja habari za usiku, za vyumba vya chini na mateso, ndipo msanii anapochukua kalamu kutoka kwa shahidi.

Dhamira ya utumwa na hadithi ya Tuptim

Anna aliondoka Bangkok mwaka 1867, afya ikiwa mbaya. Mongkut akafa Oktoba 1868, na mfalme mpya hakumwita kazini tena. Akaenda Marekani, akafundisha huko New York, akaanza kuchapisha makala katika gazeti la Atlantic Monthly. Kitabu cha pili, The Romance of the Harem, kikatoka mwaka 1873.

Tuzingatie mahali na wakati. Vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani viliisha mwaka 1865, na utumwa ukapigwa marufuku mwaka huohuo. Wasomaji wa Anna walikuwa watu waliolia wakisoma Uncle Tom's Cabin ya Harriet Beecher Stowe. Basi ndani ya kasri la Siam Anna anatuonyesha mke wa mfalme, Sonklin, anayeipenda riwaya hiyohiyo, anaitafsiri, anajipachika jina la mtunzi wake na kuwaachia huru watumwa wake. Sonklin alikuwa mtu wa kweli. Lakini ona jinsi anavyofanya kazi katika hadithi: ni kioo ambamo msomaji wa Boston anajiona mwenyewe, tena anajiona mzuri.

Kilele cha kitabu cha pili ni Tuptim, msichana mdogo anayetoroka kasri, anajificha katika monasteri kwa sura ya mtawa mwanafunzi, anakamatwa, anateswa, na hatimaye anachomwa moto hadharani pamoja na mtawa aliyewahi kuwa mchumba wake. Inasisimua kweli. Wanahistoria wameitilia shaka kubwa. Wamekumbusha, kwa mfano, kwamba ardhi ya Bangkok ni chepechepe, huwezi kuchimba gereza chini ya ardhi lisijae maji. Mahandaki hayo hayakutoka Bangkok. Yametoka katika riwaya za kutisha za Ulaya.

Je, dhamira ya kupinga utumwa ilikuwa ya bandia? Mimi sidhani. Mwanamke aliyejua maana ya kuhukumiwa kwa kuzaliwa kwake alikuwa na sababu zake za kuchukia minyororo ya kuzaliwa nayo. Ila sababu hizo hakuweza kuzitaja. Akabaki kulishutumu kasri kwa sauti ya mwanamke wa Wales, na sauti hiyo ikageuza shutuma dhidi ya utumwa kuwa shutuma dhidi ya Mashariki nzima.

Kuna na suala la nani apewe sifa. Chulalongkorn alipokua alifuta desturi ya kutambaa mbele ya mfalme mwaka 1873, akatoa sheria ya kwanza ya kuwakomboa watoto wa watumwa mwaka 1874, na utumwa ukafutwa rasmi mwaka 1905. Wafuasi wa Anna husema: hayo ni matunda ya mwalimu. Huenda neno lake lilibaki moyoni mwa mtoto. Wawili hao walikutana tena London mwaka 1897. Lakini mfalme huyo alikuwa pia na baba aliyemwandaa, alisafiri Singapore, Java na India miaka ya 1871 na 1872, na alikuwa amezungukwa na Waingereza upande mmoja na Wafaransa upande mwingine. Kulibandika badiliko la nchi nzima kwa mwalimu mmoja wa Kiingereza ni kuwanyima Wasiam akili zao.

Kutoka kitabuni hadi jukwaani

Vitabu vya Anna vingeweza kusahauliwa. Aliyevifufua ni Margaret Landon, Mmarekani aliyewahi kuishi Siam, kwa riwaya yake Anna and the King of Siam ya mwaka 1944. Ikawa sinema mwaka 1946, mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, The King and I, mwaka 1951, sinema ya mchezo huo mwaka 1956, na sinema nyingine mwaka 1999. Kila hatua ilimsogeza mfalme mbali zaidi na mtu aliyekuwepo. Mtawa mstaafu wa miaka 57 anakuwa kijana mwenye kifua wazi, mkali, mjinga kidogo, anayekufa mwalimu akiwa karibu. Mongkut halisi alikufa zaidi ya mwaka mmoja baada ya Anna kuondoka. Alikuwa amekokotoa kwa usahihi kupatwa kwa jua kwa Agosti 18, 1868, akaenda kulitazama pwani penye mbu, akarudi na malaria. Hebu fikiria: mfalme aliyekufa kwa ajili ya elimu ya nyota anacheza jukwaani kama mtu anayefundishwa ramani ya dunia!

Thailand ilikataa. Sinema ya 1956 ilipigwa marufuku huko. Ile ya 1999 haikuruhusiwa kupigwa picha nchini humo, ikapigiwa Malaysia, na kuonyeshwa kwake kukakatazwa. Mapema zaidi, mwaka 1948, ndugu wawili, Seni na Kukrit Pramoj, walikuwa wameandika kumjibu Anna kwa kumwacha Mongkut azungumze kwa maandishi yake mwenyewe. Wengine wataona marufuku ya serikali ni ubabe, na si kosa kuuliza hivyo. Lakini jibu la ndugu Pramoj lilikuwa jibu la kifasihi: maandishi yalijibiwa kwa maandishi.

Je, aliyelala ndani?

Hapa msomaji wa Kiswahili atakumbuka kitabu kingine. Salme binti Said wa Zanzibar, aliyejulikana Ulaya kama Emily Ruete, alizaliwa katika kasri mwaka 1844, akajifunza kuandika kwa siri, akaondoka mwaka 1866, na mwaka 1867, mwaka uleule Anna alipotoka Bangkok, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani. Mume akafa ajalini mwaka 1870. Mjane huyo naye akabaki ugenini na watoto watatu, naye akafundisha lugha ili aishi, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Moja ya shabaha zake ilikuwa kuwasahihisha Wazungu walioandika juu ya wanawake wa Mashariki bila kuwajua.

Basi tumepata aliyekilalia kitanda. Je, sasa tumepata ukweli mtupu? La hasha. Salme anaujua mpangilio wa nyumba, chakula, mavazi, ugomvi wa ndugu, kwa namna ambayo Anna asingeweza. Lakini anapofika kwenye utumwa anautetea, maana aliukalia kwa juu. Na kitabu chake kimetoka mwaka mmoja baada ya yeye kurudi Zanzibar kwa meli za Kijerumani, wakati Bismarck akitafuta makoloni pwani hii. Mgeni aliuona utumwa akakosa kuwaona watu; mwenyeji aliwaona watu, utumwa wao akauona ni jambo la kawaida. Anayetaka kulijua kasri la karne ya 19 awasome wote wawili, kila mmoja na upofu wake.

Hitimisho

Nilichojaribu kuonyesha ni kwamba kupima ukweli na uongo ni hatua ya kwanza tu ya kuhakiki tawasifu. Baada ya hapo tuulize: msimulizi alisimama wapi alipoona? Alijifanya nani ili aaminiwe? Na wasomaji wake walikuwa wameshazoea hadithi gani? Maswali haya yanafaa pia kwa wale wasafiri, wamisionari na makonsuli wa Ulaya walioandika juu ya pwani yetu, ambao mpaka leo tunawanukuu katika tasnifu zetu kama vile walibeba kamera na si kalamu.

Kwa upande wa Anna, mimi sioni hasara kubwa kuwa katika ile chumvi aliyotia. Hasara ni mtu aliyefichwa nyuma yake. Mtoto wa kambi ya jeshi ya Ahmednagar, aliyekulia kati ya lugha nyingi na mataifa mawili, aliyejua mtu anavyopimwa kwa rangi na ukoo, angeweza kuandika juu ya kasri la Bangkok kitabu ambacho hakuna mwanamke wa Wales angekiandika. Aliingia naye mle ndani kila asubuhi kwa miaka mitano. Ila huyo hakuruhusiwa kushika kalamu.